Muulize Bibi: Yule malkia aliyechoma London alikuwepo kweli au ni hadithi tu?

Wajukuu zangu, toleo lililopita nilikuwa nazungumzia vita vya Abushiri kule Pangani, nikateleza nikamtaja Boudica kwa mstari mmoja tu, yule mjane wa Uingereza aliyewainukia Warumi, nikapita zangu. Khaa! Simu yangu haijapumua tangu siku hiyo. Basi leo kolamu nzima ni yake, na nyie mlioniuliza asili ya majina ya mitaa ya Tanga mnivumilie mpaka toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Bibi. Tuna baraza letu la kahawa hapa Ngamiani na kuna mzee mmoja tunamheshimu sana, yeye kasema huyo Boudica hakuwepo, ati Waingereza wamemtunga ili na wao waonekane waliwahi kuonewa. Mi nikabisha. Tumewekeana dau, atakaeshindwa ananunua kahawa ya baraza zima wiki nzima na kashata juu. Nani analipa?
Kijana wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Analipa mzee, lakini usimcheke sana manake hoja yake si ya kipuuzi, na nitakwambia kwa nini.

Huyu mama hakuandika chochote, watu wake Waiceni hawakuandika chochote, walikuwa wanaishi mashariki ya Uingereza upande wa Norfolk ya leo na historia yao walikuwa nayo kichwani na mdomoni. Wote waliotuandikia habari zake ni watu wa dola iliyomshinda. Wa kwanza ni Tacitus, Mrumi, kaandika miaka kama 50 hivi baada ya vita, na mkwe wake Agricola alikuwa ofisa kijana kwenye jeshi hilo hilo lililopigana na Boudica kwa hiyo bila shaka kuna mambo aliyasikia kwa baba mkwe. Wa pili ni Cassius Dio, Mgiriki aliyekuwa mkubwa serikalini Roma, huyo kaja kuandika zaidi ya miaka 100 baadae. Hamna mwingine wa maana. Wazee wetu walisema msema pweke hushinda, na hapa pweke mwenyewe ndo alikuwa mshindi wa vita tangu mwanzo!

Halafu hata hicho cha Tacitus kidogo kipotee. Ile sehemu yenye habari za Boudica imetufikia kwa nakala moja ya mkono iliyoandikwa kwenye monasteri ya Monte Cassino, Italia, karne ya 11. Ingeungua ile, au panya wangeitafuna, tungebaki na mistari michache ya Tacitus kwenye kitabu chake kingine na maneno ya Dio, ambayo nayo tunayo kwa muhtasari wa mtawa mmoja. Waingereza wenyewe kwa karne nyingi walikuwa wamemsahau kabisa mama yao huyu, wakaja kumkumbuka vile vitabu vya Kirumi vilipoanza kusomwa upya.

Sasa ungesema basi mzee kashinda. Hapana, subiri kwanza. Ardhi nayo inasema. Ukichimba msingi wa nyumba katikati ya Colchester, mji ambao Warumi waliuita Camulodunum, ukishuka chini unakutana na tabaka la udongo mwekundu ulioungua, kuta za udongo zimeiva kama tofali za tanuri. Ukichimba London unakuta tabaka kama hilo la wakati huo huo, na St Albans vilevile, ingawa hapo ni kidogo. Miji mitatu hiyo hiyo aliyoitaja Tacitus, miaka hiyo hiyo. Colchester wamekuta mpaka tende zilizoungua zikawa makaa, tende mjukuu wangu, za kuletwa kwa meli kutoka nchi za joto, ziko sakafuni pale pale mtu alipoziacha. Na mwaka 2014 walikuta vito vya dhahabu na fedha vya mwanamke fulani vimefukiwa chini ya sakafu ya nyumba, kafukia haraka haraka akijua atarudi kuvichukua, hakurudi. Udongo hauna sababu ya kumsingizia mtu. Kwa hiyo vita vilikuwepo, moto ulikuwepo, na kwa mwaka wengine wanasema 60 na wengine 61 baada ya Kristo.

Kitu cha kuangalia kwa jicho la pembeni ni urembo wa hadithi. Dio kasema alikuwa mrefu, macho makali, sauti nzito, nywele za rangi ya dhahabu iliyofifia zinafika kiunoni, shingoni mkufu mnene wa dhahabu. Sawa, lakini Dio hakumwona wala hakumwona aliyemwona. Kasema pia kabla ya vita mama alikuwa na sungura kamficha kwenye nguo, akamwachia mbele ya jeshi, sungura akakimbilia upande wa heri na watu wakapiga kelele za furaha. Mi napenda sana hiyo ya sungura, ramli ya sungura! Huku kwetu sungura angewadanganya wote akaenda zake kulala, ila kwa uhakika siwezi kukuapia. Mwambie mzee anunue kahawa, kashata nunua wewe.

SWALI: Bibi asalaam aleikum. Nimesikia chanzo cha vita vile kilikuwa mirathi. Mimi ni mjane nina watoto wa kike watupu, na nimeona mengi ambayo sitaki kuyasema gazetini. Hebu nieleze vizuri, mume wake hakuacha wosia?
Mama wa Pangani

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, pole, na Mungu akupe subira. Wosia aliacha! Na ndo ulipoanzia msiba wenyewe.

Mume anaitwa Prasutagus, mfalme wa Waiceni. Warumi waliingia Uingereza kwa nguvu mwaka 43, na yeye akaona bora nusu shari, akawa rafiki yao, wakamwacha atawale kwake. Urafiki wa aina hiyo unaujua, mwaka 47 gavana wa Kirumi kaja kuwanyang'anya silaha makabila mpaka na hao marafiki, Waiceni wakapigana, wakashindwa, wakarudi kwenye urafiki wao. Basi Prasutagus alivyoona umri umekwenda, ana watoto wawili wote wa kike, akaandika wosia kwamba mali na ufalme warithi wawili, upande mmoja mabinti zake na upande mwingine Kaisari Nero. Alidhani akimtia mkubwa kwenye mirathi basi mkubwa ataona haya kuwadhulumu wenzake. Kumbe ndo kamfungulia mlango.

Alipokufa tu, Warumi walichukua vyote kama nyara. Kwao wao mfalme rafiki akifa mkataba umekufa naye, na mabinti hawahesabiki. Maofisa wa jeshi wakapora ufalme, watumwa wa ofisi ya fedha wakapora nyumba, wakubwa wa Kiiceni wakanyang'anywa mashamba ya babu zao, ndugu wa mfalme wakafanywa watumwa. Boudica kachapwa viboko. Mabinti zake wakabakwa. Hayo kayaandika Tacitus, Mrumi, hakuyaandika Mwingereza, na hakutafuta udhuru wa kuyafunika, kwa hilo mi namheshimu.

Huku kwetu mjane ana thumuni yake na mabinti wana fungu lao limeandikwa, na bado mashemeji wanakuja na gari la kubebea vitu kabla ya arobaini. Sasa fikiria shemeji mwenyewe ana majeshi.

Halafu kulikuwa na deni. Hii watu wengi hawaijui. Kaisari Klaudio aliyekuwepo kabla ya Nero aliwagawia wakubwa wa Kiingereza hela, wao wakaona ni zawadi, akaja mtu wa fedha wa Kirumi anaitwa Catus Decianus akasema ule ulikuwa mkopo, rudisheni. Na Dio kasema Seneca naye alikuwa amewakopesha Waingereza hela nyingi sana, sesterti milioni 40, sarafu yao hiyo, kwa tamaa ya riba nzuri, halafu akazidai zote kwa mpigo na kwa ukali. Seneca huyu ndo yule mwanafalsafa, mwalimu wa Nero, aliyejaza vitabu akiwafundisha watu wasipende mali! Dawa ya deni kulipa, sawa, lakini wa kulipa kashanyang'anywa shamba atalipa na nini.

Na jirani zao Watrinovante walikuwa na lao. Mji wa Camulodunum walikuwa wamepewa wanajeshi wastaafu tangu mwaka 49, hao wastaafu wakawa wanawafukuza wenyeji kwenye nyumba na mashamba wakiwaita mateka na watumwa. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, wale hawakungoja jembe wamechukua na shamba. Juu yake likajengwa hekalu kubwa la kumwabudu Klaudio, gharama wanatoa wenyeji. Kwa hiyo mwanangu mirathi ilikuwa kiberiti, kuni zilikuwa zimekauka siku nyingi.

SWALI: Bibi, mimi kidato cha nne, Korogwe. Kama walichoma miji mitatu na walikuwa wengi vile, walishindwaje na watu elfu kumi?

JIBU: Swali la kijeshi unamuuliza bibi kizee, haya.

Mwanzo walipata bahati ya nafasi. Gavana Suetonius Paulinus na jeshi lake kubwa alikuwa mbali, upande wa pili wa nchi kabisa, kisiwa cha Anglesey huko Wales, anawapiga makuhani wa Kidruidi. Camulodunum hamna ukuta. Wastaafu wakaomba msaada, Decianus kawapelekea watu 200. Mia mbili! Waliobaki wakajifungia kwenye lile hekalu, siku mbili, likaanguka. Kikosi cha Tisa kikaja mbio kuokoa, askari wa miguu wakafyekwa wote, kamanda akaponea chupuchupu na askari wake wa farasi. Decianus huyo aliyeleta balaa lote kapanda meli kakimbilia Gaul, Ufaransa ya leo. Paulinus akafika London, akapima, akaona haiwezi kulindwa, akaiacha, na waliokataa kuhama au wasioweza, wazee na wanawake, wakauawa. Halafu Verulamium, ndo St Albans. Tacitus kataja waliouawa kwenye miji hiyo kuwa 70,000. Na usidhani wote walikuwa wanajeshi wa Kirumi, wengi walikuwa wafanyabiashara na wenyeji waliokaa nao, na mambo waliyofanyiwa wanawake huko London kama alivyoyaeleza Dio sitayaweka hapa. Boudica alidhulumiwa na jeshi lake likadhulumu, yote mawili.

Sasa mwisho wake. Paulinus akachagua mwenyewe pa kupigania, mahali pembamba, msitu nyuma yake, mbele uwanja, ili wingi wa adui usimsaidie kumzunguka. Ni wapi hasa hapo mpaka leo wasomi wanagombana. Na Waingereza walikuwa na uhakika wa kushinda kiasi kwamba walikuja na wake zao waangalie, kama mechi ya mpira, wakapanga mikokoteni kwa nyuma familia zimekaa juu. Warumi wakarusha mikuki yao, wakasonga mbele kwa umbo la kabari, na watu walipogeuka kukimbia wakakuta mikokoteni yao wenyewe imeziba njia. Hapo ndo kifo kilipokuwa. Wanawake hawakuachwa, hata ng'ombe na farasi wa mizigo walichomwa mikuki. Tacitus anasema Waingereza 80,000 kwa Warumi 400. Hesabu hizo za mshindi zipokee kwa mkono wa kushoto, lakini kwamba walipigwa vibaya hamna anaebisha.

Kilichowamaliza kabisa lakini ni njaa. Mwaka ule hawakulima, kila mtu kaenda vitani na matumaini yao yalikuwa ghala za Warumi. Na mtu wa fedha mpya aliyeletwa badala ya Decianus, Classicianus, yeye ndo akaona Paulinus anaendelea kuadhibu watu mpaka nchi itakosa wa kulipa kodi, akaandika Roma aletwe gavana mwingine, na baadae Paulinus kweli kaondolewa. Jiwe la kaburi la Classicianus liko makumbusho ya British Museum, lilikutwa vipande vipande London, mkewe ndo aliyemsimikia. Ukipata nauli siku moja kaliangalie, utulivu wake ulisaidia watu wengi na hamna anaemjua.

Boudica mwenyewe? Tacitus anasema alikunywa sumu, Dio anasema aliugua akafa na akazikwa kwa heshima kubwa.

SWALI: Bibi mi niko Bagamoyo, naongoza wageni. Juzi mgeni kanionyesha kwenye simu sanamu ya huyo mama iko London karibu na Bunge lao, yuko kwenye gari la farasi. Sasa Bibi inakuwaje, hawa si ndo waliotawala nusu ya dunia, mtu aliyeasi dola anajengewa sanamu na dola? Mbona waasi wa huku waliwanyonga?

JIBU: Hili ndo swali nililokuwa nalingojea.

Ile sanamu kaichonga Thomas Thornycroft, kaianza miaka ya 1850 enzi ya Malkia Victoria, akafa mwaka 1885 hajaiona ikisimama, ikaja kuwekwa pale mwanzo wa daraja la Westminster mwaka 1902. Jina Boudica kwa lugha yao ya kale linatokana na neno la ushindi, na Victoria kwa Kilatini ni ushindi hivo hivo, basi wakubwa wakafurahi, malkia wetu wa zamani na malkia wetu wa sasa jina moja. (Yale mapanga kwenye magurudumu ni ya mchongaji, hamna ushahidi kwamba magari yao yalikuwa nayo.) Chini ya sanamu wameandika maneno ya mshairi wao Cowper, maana yake kwamba kizazi chako kitatawala nchi ambazo Kaisari hakuzijua.

Umeelewa hapo mjukuu wangu? Mwanamke aliyekufa akipinga kutawaliwa, wamempa kazi ya kusifia kutawala. Na hizo nchi ambazo Kaisari hakuzijua ni pamoja na sisi, japo miaka ile watawala wa huku walikuwa bado Wajerumani, Mwingereza kaja baada ya vita vya kwanza.

Na hata hilo la kutojua si kweli sana. Karne hiyo hiyo ya Boudica kuna mfanyabiashara wa Misri, na Misri ilikuwa chini ya Roma, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari yetu, kataja mwambao huu kwa jina la Azania na soko lake la mwisho Rhapta, watu wananunua pembe za ndovu na magamba ya kasa, na mji umeitwa hivo kwa sababu ya mashua za kushonwa kwa kamba, mitepe ya wazee wetu kabisa. Rhapta ilikuwa wapi wanabishana, wengine wanasema Pangani, na sisi wa Pangani hatukatai. Kwa hiyo wakati London inaungua, huku watu wanapima bei ya pembe.

Sasa kuhusu waasi wetu. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, miaka 12 na ushee kabla ya sanamu ile kusimamishwa. Na wewe uko Bagamoyo, unajua kambi yake ilipigwa hapo hapo karibu na kwenu Mei mwaka huo na jeshi la Mjerumani Wissmann. Chanzo? Kampuni ya Kijerumani imekodishwa mwambao na Sultani, ikaja na bendera, ushuru, na kutaka watu waonyeshe hati za mashamba waliyoyarithi. Mama wa Pangani hapo juu akisoma hili atacheka kwa uchungu.

Lakini Abushiri ana kitu ambacho Boudica hana. Vita vyake viliandikwa na mtu wa huku huku Mrima, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, utenzi mzima wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ameyaandika ya Tanga, ya Pangani, ya Bagamoyo, wakati waliopigana wengine wako hai wanaweza kumwambia hapa umekosea. Mjerumani aliandika yake, na sisi tukawa na yetu kando. Boudica hakupata Hemedi wake. Kila neno lililo kwenye hotuba zake, na ni hotuba nzuri sana za uhuru, limetungwa na watu wa Roma, Tacitus na Dio, kila mmoja na kalamu yake. Wewe mwongoza wageni, mgeni akikuonyesha tena ile picha, mpeleke ufukweni umwambie ya utenzi.

SWALI: Ni kweli kazikwa chini ya stesheni ya treni ya King's Cross?

JIBU: Hapana. Porojo za London. Endelea.

SWALI: Bi mkubwa, salaam. Mimi ndiye mzee wa baraza la Ngamiani. Kijana kanisomea jibu lako kabla halijachapwa, maana ulimtumia kwenye simu. Nimekubali nitalipa. Ila niambie kitu kimoja, wale mabinti wawili waliitwa nani na waliishia wapi?

JIBU: Waaleikum salaam mzee mwenzangu. Majina yao hayakuandikwa. Mtumwa wa zamani aliyeachwa huru, mtu wa Nero, aliyetumwa kwenda kukagua Uingereza baada ya vita jina lake tunalo, Polyclitus. Ofisa wa Kirumi aliyejiua kwa aibu kwa sababu kikosi chake hakikwenda vitani jina lake tunalo, Poenius Postumus. Wale mabinti, ambao wosia wa baba yao ndo ulikuwa chanzo, hamna. Mara ya mwisho kuonekana ni siku ya vita, asubuhi, mama yao kawapakia mbele yake kwenye gari la farasi anapita nao kabila kwa kabila, akiwaambia watu hakuja kama malkia kudai ufalme, kaja kama mwanamke wa kawaida kwa ajili ya mwili wake uliochapwa na watoto wake. Baada ya hapo hamna mstari mwingine juu yao.

Kahawa isiwe ya kuungaunga mzee, na tangawizi watie.